Siku Tulipomzika Djo Radi Bila Djo Radi

Wiki iliyopita niliwaacha na simu mkononi. Upande wa pili, kule Lubumbashi, alikuwa Djo Radi. Aliniambia kwamba Alhamisi anapanda ndege kuja Kindu, na kwamba nimtafutie watu wawili wenye majembe. Anataka kaburi lake lifunguliwe, maana kuna kitu chake mule ndani.

Nilimjibu kwamba ni furaha kubwa. Kisha nikakaa chini barazani, na mke wangu Yvette akaniuliza kama ni malaria.

Kwa wale waliofungia samaki gazeti la wiki ile: Djo Kazadi, maarufu kwa jina la Djo Radi, ndiye mpiga gitaa wa roki niliyemwabudu tangu nikiwa na miaka kumi. Nchi nzima ilipokuwa inacheza rumba, yeye alivaa koti la ngozi katika jua la Katanga na kupiga gitaa mpaka redio yetu ikakohoa. Baba yangu, fundi wa treni aliyeletwa Kindu na kazi ya reli kutoka Kasai, alisema ule si muziki, ni breki zimeisha. Mimi niliona shujaa.

Mwezi wa saba wa mwaka 1998 shujaa alikuja Kindu kwa konseri moja, Jumamosi moja.

Treni yake ilichelewa siku kumi na moja. Ilipofika Kibombo, wanamuziki wake wote wanne walishuka kununua mchele, kwa sababu treni iliyochelewa siku kumi na moja haiwezi kuwa na haraka. Ikaondoka. Djo alikuwa usingizini. Aliamka Kindu, peke yake, na gitaa jekundu mapajani.

Waandaaji waliulizia mtu anayejua gitaa la besi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, napigia kwaya ya parokia, na nyimbo za Djo nilizijua kuliko yeye, maana yeye alizibadilisha kila alipozipiga. Nilipanda jukwaani na suruali ya kwaya. Katika wimbo wa tatu umeme ukakatika. Djo akapanda juu ya meza na kuendelea bila umeme, na watu mia nne wakasogea karibu, wakanyamaza ili wasikie. Alinigeukia akasema tu, "Usiache." Sikuacha.

Wiki mbili baadaye vita vikaanza. Treni ya kumrudisha ilifika mwaka 2004.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kwa Jumamosi moja alikaa kwetu miaka sita, katika chumba cha nyuma, karibu na kuku wa mama. Alinifundisha kushika nyuzi, nikamfundisha kutwanga sombe, majani ya mihogo. Tulipiga kwenye matanga, kwa kuwa matanga ndiyo mikutano pekee ambayo wanajeshi hawakuitawanya. Mwanzoni wajane walishangaa. Baada ya miezi sita wajane walikuwa wanatuma mtu kuuliza kama Djo Radi ana nafasi siku ya kilio chao.

Naomba niseme wazi jambo moja. Miaka ile ndiyo niliyokuwa na furaha kuliko yote. Watu walikuwa wanakufa, tulikuwa tunakula majani ya mihogo bila mafuta, na mimi kila asubuhi niliamka nikiwa na furaha kwa sababu Djo Radi alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Mwaka 2000 Djo alikwenda mji wa Kama, kwa wachimba dhahabu, ambako walimwambia kuna watu wanaotaka muziki na wana chakula. Alikwenda kwa miguu. Gitaa jekundu aliniachia mimi, kwa kuwa njiani kulikuwa na vizuizi na kila kizuizi kilikuwa na mtu mwenye bunduki anayependa vitu vyekundu. Alivaa koti lake la ngozi, akaniambia nilipanguse gitaa kila Jumapili.

Mwezi wa pili tangu aondoke alifika mtu wa baiskeli amebeba chumvi. Juu ya chumvi kulikuwa na koti la Djo, lenye matundu mawili kifuani. Alisema mwenye koti alipigwa risasi kabla ya kufika kijiji fulani, na waliomkuta walimfukia palepale.

Mama alilia mpaka majirani wakaja. Baba, yule wa breki zimeisha, alizima redio kwa siku saba.

Mchimba kaburi wa mtaa wetu alikuwa Hamidou, na bado ni Hamidou. Alisema mtu hawezi kuliliwa bila mwisho. Kama mwili haupo, kitu chake kilale chini ili watu warudi kazini. Koti lilikuwa la risasi; kitu cha Djo Radi mwenyewe kilikuwa kimoja, gitaa, na kila mtu alikijua. Seremala akatengeneza sanduku kwa kipimo cha gitaa. Wazee wakaamua kwamba rafiki yake wa karibu ndiye atakayelivika gitaa sanda na kufunga sanduku, peke yake chumbani.

Rafiki wa karibu nilikuwa mimi.

Nililifunga gitaa shuka nyeupe. Nikalilaza sandukuni. Nikalitazama. Lilikuwa na nyuzi sita mpya, alizotoka nazo Lubumbashi, na wakati ule nyuzi kama zile hazikuwepo Kindu yote, wala Kailo, wala kokote ambako mtu angefika na kurudi mzima. Nikalitoa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mgomba uliokatwa jana yake. Nilipima shina kwa macho, nikalikata, nikalifunga shuka ileile. Uzito ulikuwa karibu sawa. Gitaa nikalisukuma chini ya kitanda changu, nikapiga misumari, nikatoka nje nikilia. Machozi yalikuwa ya kweli. Nilijiambia nimefanya kwa mapenzi, na ni kweli, lakini ulikuwa pia wizi, na vyote viwili vilikaa chini ya kitanda kimoja.

Watu mia tatu walisindikiza shina la mgomba mpaka makaburini. Padri alisema maneno mazuri sana.

Miezi miwili baadaye Djo Radi aliingia uani, miguu mitupu, amekonda, akauliza kama kuna chai.

Mama alianguka. Nilipomwinua, Djo alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake. Alieleza kwamba koti alilibadilisha kwa mihogo na mchimbaji mmoja wa Kama, na yule maskini ndiye aliyekutana na risasi. Yeye alijificha msituni. Alisikitika sana kwa ajili ya yule mtu, kisha, tulipomweleza tulivyozika gitaa badala yake, akaomba kuonyeshwa kaburi lake mwenyewe.

Alilitazama kwa muda mrefu. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: tulimlaza kando ya mkusanya kodi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi mezani, kwamba sasa tulifukue gitaa lake.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa: yeye mzima, watu wana furaha, hakuna ambaye angenipiga. Lakini Hamidou, aliyekuwa ameegemea jembe, alinitangulia.

"Kaburi ikisha kufunguliwa haifungwe bule," alisema. "Kitu fulani inatoka, kitu fulani inaingia. Hapana vile, itaita muntu mwenyewe."

Nililidaka neno lile kwa mikono miwili. Nilimwuliza Djo mbele ya wote kama ana kitu cha kuweka. Hakuwa hata na viatu. Nilimwuliza kama anataka kaburi liite mtu alale ndani yake wakati huu wa vita, labda mama yangu aliyemlilia. Nilisema vizuri kuliko padri. Djo akaniwekea mkono begani, akasema nina akili, tuliache gitaa lilale.

Siku za mwizi ni arobaini. Hapo ndipo zangu zilipoanza kuhesabiwa.

Kwa kuwa hakuwa na gitaa, nilimtengenezea. Mwili nilitumia bidoni, dumu la bati la mafuta ya mawese, shingo ubao wa kitanda. Nyuzi tulizipata kwa njia ya wapiga gitaa wote wa wakati ule: unachukua waya wa breki ya baiskeli, unaufumua, unatoa nyuzi moja moja. Waya wa breki hulia vizuri. Lakini hukata vidole.

Djo alipiga nyuzi za breki miaka mitatu na nusu. Mwaka 2002, mji ulipozungukwa na hakuna aliyeweza kwenda shambani, alipiga kwenye matanga matatu kwa wiki, na mama alimfunga vidole kwa vitambaa. Damu iliteremka kwenye bati. Alicheka, akasema roki sasa imepata rangi. Nami nilikuwa pembeni na besi yangu, na nyuzi sita nzima zilikuwa chini ya kitanda changu, hatua kumi na tano kutoka pale alipokaa. Nilizihesabu hatua zile mara nyingi.

Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Halafu treni ikaja, akapanda na bidoni lake, akanipungia mkono dirishani mpaka treni ikapotea. Tangu hapo alinipigia kila mwaka mpya. Ugonjwa wa sukari ulimla macho polepole. Mwaka juzi yakazima kabisa.

Hapo mnajua yote anayoyajua Yvette. Yeye aliligundua gitaa wiki ya kwanza ya ndoa yetu, akifagia. Miaka kumi na minane ameniuliza swali lilelile, bila kupandisha sauti.

"Weye unangojea afe mara ya pili njo umuambie?"

Alhamisi nilikwenda uwanja wa ndege nikiwa nimeamua. Nitamwambia kabla hajapanda pikipiki. Djo alishuka akiongozwa na binti yake aitwaye Mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini, mwenye adabu na begi refu mgongoni. Djo alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa kuanzia paji mpaka kidevu, akasema nimenenepa. Nikashindwa.

Nikaamua basi, wakati wa chakula. Yvette alipika samaki na mchele wa Kibombo, Djo akauliza kama wanamuziki wake bado wanaununua. Tukacheka. Yvette akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Yaya Djo," nilianza, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "iko neno moja."

"Na miye iko yangu. Yangu itangulie, miye njo mukubwa."

Akaweka kijiko chini. Alisema mikono yake imeanza kutetemeka na gitaa halitaki tena. Lakini lile jekundu hakuja kulichukua. Amekuja kulitoa kaburini mbele ya watu na kunipa mimi. Redio ya hapa amekwisha kuiambia, komine, yaani ofisi ya mtaa, imempa karatasi ya ruhusa.

"Wote walinishukia pale Kibombo," alisema. "Weye ulibakia. Nitakufa na deni hiyo? Hapana."

Kuhusu neno la Hamidou nisiwe na wasiwasi, aliendelea, hajalisahau. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuliheshimu. Binti yake akafungua begi, na ndani yake kulikuwa na gitaa la bidoni, limechubuka, waya wa breki umeshika kutu. Hilo ndilo litakaloingia kaburini badala ya lile.

Kisha akaniuliza langu lilikuwa neno gani. Nilisema nilitaka kumwuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha.

Yvette aliondoka mezani.

Asubuhi ya Ijumaa nilijaribu ujinga wa mwisho, na ninauandika kwa sababu niliahidi kuandika yote. Nilivuta gitaa chini ya kitanda. Niliwaza kulifunga ndani ya mkeka, nishuke nalo kaburini kwa hila yoyote, nilitoe. Lakini lilikuwa linang'aa. Nimelipangusa kila Jumapili kwa miaka ishirini na nne, kama nilivyoagizwa, na kitu kilichokaa ardhini hakina mng'ao ule. Nilikwenda kuchota udongo wa shamba la mihogo ili nilipake.

Niliporudi na udongo, Yvette alikuwa amelilaza gitaa juu ya kitanda, upande wangu, amelifunika shuka mpaka shingoni.

"Leo italala juu," alisema. "Uende na mikono bule."

Nikaenda hivyo.

Makaburini watu walikuwa wengi kuliko siku ya mazishi. Kulikuwa na kwaya ya parokia, wazee wa reli waliobaki, wajane wawili wa zamani waliovaa vizuri. Hamidou, sasa mwenye meno manne, alisimamia wachimbaji. Jembe likagonga ubao. Nilimwomba Mungu kaburi liwe limekosewa, liwe la mkusanya kodi.

"Acheni pale," Djo alisema. "Jules njo alifunga sanduku. Jules njo atafungua."

Nikashuka. Kina cha kaburi kilinifika kifuani. Ubao ulikuwa umelegea, ukafunguka kwa vidole. Ndani kulikuwa na vipande vya shuka, misumari, na udongo mweusi laini kama machicha ya kahawa. Mgomba hauachi mfupa.

Walio mbele waliona. Waliwapisha walio nyuma, nao wakaona. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza, isipokuwa ile Jumamosi ya umeme kukatika.

Djo peke yake hakuona.

"Jules," alisema, "ju ya nini watu wananyamaza? Iko namna gani?"

Alipiga magoti kando ya kaburi, binti yake akimshika bega, akanyoosha mkono chini kwangu, kiganja wazi.

"Niwekee mu mukono. Nitaijua."

Mkono ulikuwa mbele ya macho yangu kabisa. Kwenye ncha za vidole vinne makovu ya waya wa breki yalikuwa bado yapo, meupe, yamekingama moja juu ya jingine. Yangeweza kuhesabiwa. Pale pale, ndani ya shimo nililolichimbisha mwenyewe, sikuweza tena kuficha.

"Yaya, haiko humu. Haikuingia hata siku moja. Tulizika mugomba. Gitaa iko kwangu."

Mkono haukusogea.

"Tangu lini?"

"Tangu siku tulikuzika."

Niliona midomo yake ikihesabu.

"Na nyuzi zake?"

"Ziko zote sita. Zile ulitoka nazo Lubumbashi."

Akaurudisha mkono wake polepole. Akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka akavimaliza.

"Basi zilikuwako," alisema.

Nilisema anisamehe. Nilisema nilimpenda kuliko mtu yeyote, na kwamba hilo si udhuru. Sauti yangu ilitoka ndogo, kwa sababu ya shimo. Mmoja wa wajane alianza kulia taratibu, kwa mazoea.

Ndipo Hamidou akakohoa. Yeye ana kazi yake na jua lilikuwa linapanda.

"Muniwie razi," alisema. "Kaburi iko wazi. Haifungwe bule. Kitu gani inaingia?"

Binti yake, masikini, alifanya alivyoagizwa. Akafungua begi, akamwekea baba yake gitaa la bidoni mikononi ili alishushe. Djo alilipokea. Alipapasa bati, akapapasa shingo ya ubao wa kitanda, akagusa uzi mmoja wa breki, ukalia. Akalikumbatia kifuani.

"Hii haiingie tena," alisema. "Hii njo ilikuwa na miye."

Hamidou akauliza, kwa heshima, sasa itaingia nini.

Niliweka mikono yangu miwili kwenye ukingo nipande. Djo Radi aligeuza uso wake kuelekea sauti ya udongo ulioporomoka.

"Jules," alisema. "Usipande kwanza."